Mji Usio na Kuta

Barabara ipandayo kutoka Mombo hadi Lushoto ni fupi, kilomita thelathini na ushei tu. Hata hivyo, msafiri aipandaye hupita katika zama nyingi za taifa letu. Jambo hilo tulilijua sisi walimu kwa maneno kabla hatujalijua kwa macho. Tulipowachukua wanafunzi wetu wa kidato cha tatu kwenda kuitazama milima ya Usambara, tuliwapa agizo moja: kila mmoja aandike katika daftari lake kila kitu cha kale atakachokiona njiani.

Safari ilianzia Mombo, bondeni, penye joto na mashamba ya mkonge. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905. Karibu na hapo pana Mazinde, na hapo tuliwasimulia habari za Semboja, mwana wa Kimweri, aliyejenga makao yake tambarare ili awe karibu na njia ya misafara iliyotoka Pangani. Biashara ile ilimpatia bunduki, na bunduki zikampatia nguvu kuliko ndugu zake waliobaki mlimani. Baada ya baba yake kufariki, ndugu walipigana, watu wakauzwa utumwani, na dola ikavunjika. Wanafunzi waliandika: reli, stesheni, Mazinde.

Kisha tukapanda. Barabara hujipinda ukingoni mwa genge, na mto hunguruma chini yake. Kwenye maporomoko ya Soni tulishuka garini. Ubaridi ulikwisha kutupokea, na kila mtu akatafuta sweta lake. Tulipofika Lushoto, kalamu hazikupumzika. Mji huo Wajerumani waliuita Wilhelmstal, na baadhi ya majengo yao yangali yamesimama. Tuliwaeleza vilevile gharama ya makao yale mazuri: mwaka 1907 utawala wa Kijerumani wa wilaya hiyo ulianzisha kadi za kazi, na wenyeji wakalazimishwa kuwatumikia walowezi siku 30 katika kila miezi 4. Wanafunzi walichora madirisha, wakapima unene wa kuta kwa shubiri, wakajaza kurasa.

Wakati wa kurudi tuliiacha barabara kuu, tukaelekea Vuga. Huu ndio uliokuwa mji mkuu wa Wasambaa chini ya ukoo wa Wakilindi. Mbega, mwindaji aliyetoka Ungulu, alipokewa na Wasambaa katika karne ya 18. Masimulizi husema kwamba aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Kwa wema huo, na kwa kumwua simba, akafanywa mtawala. Na jina la Simba Mwene likawa la wafalme waliomfuata. Kimweri ye Nyumbai, aliyekuwa mkuu kuliko wote, alitawala kutoka Vuga hadi karibu na pwani. Mmisionari Krapf alimtembelea huko mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852.

Wanafunzi walitazama huku na huku. Waliona migomba, mahindi, nyumba za wakulima na watoto waliokuja kututazama. Wakafunga madaftari. Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia shambani alitusalimu, akatuuliza tumekuja kutafuta nini. Tukamjibu, "Shikamoo bibi. Tumekuja kuuona mji wa zamani." Akasema, "Marahaba, wanangu. Mbona mmeukanyaga?" Kisha akaendelea na kazi yake.

Jioni ile tulisahihisha madaftari. Lushoto ilikuwa na kurasa tatu, nne, hata tano. Vuga ilikuwa na mstari mmoja, au haikuwapo kabisa. Mwanafunzi mmoja, ambaye ni mzaliwa wa milima hiyo hiyo, alikuwa ameandika: "Vuga: hakuna kitu."

Maneno hayo yalituumiza, kwa kuwa tulitambua kwamba mwalimu wake wa kutazama hivyo tulikuwa sisi. Ni sisi tuliomwagiza aandike anachokiona, kana kwamba ukale wote lazima uwe wa mawe na saruji. Vuga ilijengwa kwa miti, udongo na nyasi. Mji wa namna hiyo hauachi kuta. Huacha majina ya mahali, masimulizi, na namna ya kuifikiri nchi. Wasambaa walisema kwamba kazi ya mfalme ni kuiponya nchi, yaani kuleta mvua, shibe na amani. Na kwamba wafalme wanaposhindana, nchi huumia. Anayeyajua hayo atauelewa msiba wa Mazinde vizuri zaidi kuliko ayatazamaye magofu peke yake. Ataelewa pia kwa nini, katika miaka ya 1950, wakulima wa milima hiyo waliikataa amri ya serikali ya kikoloni ya kulima matuta: waliambiwa kwamba nchi inaponywa, lakini wao waliona inaumizwa.

Hapana shaka kwamba majengo ya Lushoto yafaa kutunzwa, maana ni ushahidi wa yaliyotupata. Lakini taifa linalotunza nyumba za waliolitawala na kusahau viwanja vya wazee wake linajidhulumu. Mwacha asili ni mtumwa. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy alilifahamu hilo alipoandika *Habari za Wakilindi*. Laiti asingeandika, mengi yangalikwenda kaburini na wazee.

Shule ilipofungwa tuliwapa wanafunzi agizo jingine: wakaulize nyumbani kwao. Yule kijana wa mlimani alirudi na daftari lililojaa. Bibi yake alikuwa amemtajia vilima, mito na njia za miguu, akamweleza sababu ya kila jina. Ukurasa wa Vuga hakuuchana. Aliyakata maneno yake ya kwanza kwa mstari mmoja, yakabaki yakisomeka, na chini yake akaanza kuandika upya.

Daftari hilo tunalo bado, na kila mwaka tunawaonyesha wanafunzi wapya ukurasa huo kabla ya gari kuondoka.