Zamu ya Kozi

Wasomaji wangu, leo hakuna msimbo. Leo ni habari ya ndege.

Mwaka 2022 nilikuwa nafanya zamu ya usiku, kulinda seva. Kazi yenyewe ni kukesha ukingoja kitu kiharibike. Usiku mmoja, kwa uvivu tu, nikafungua kamera iliyowekwa juu ya Campanile, mnara wa kengele wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani. Mnara huo una mita 94 hivi, na juu yake waliishi kozi wawili: Annie, jike, na Grinnell, dume. Nairobi ikiwa saa tatu usiku, kwao ni saa tano asubuhi. Basi nikawa nakesha nao.

Kozi huyu akiporomoka angani kumkamata njiwa hupita kilomita 300 kwa saa. Lakini kiotani ni mtu mwingine kabisa! Vijiti hakusanyi. Hukwangua changarawe mpaka ipatikane kishimo, basi, nyumba imekwisha. Akikaribia mayai hukunja makucha kama mtu afungaye ngumi, asije akayatoboa. Halafu hushuka polepole, akijitikisa huku na huku, mpaka pale kifuani pasipo na manyoya paguse mayai. Kisha anatulia. Saa nzima inapita, hakuna kitu. Mara mwenzake anatua, wanaitana, mmoja anainuka na mwingine anaingia. Mayai huatamiwa siku 33 hivi, na jike ndiye hukaa zaidi, hasa usiku.

Zamani, dawa ya DDT ilifanya maganda yawe membamba hata mzazi akayavunja mayai kwa uzito wake mwenyewe. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972, na kufikia 1999 kozi hawa wakaondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Sasa sikieni. Tarehe 31 Machi 2022, Grinnell alikutwa amekufa mjini. Inadhaniwa aligongwa na gari. Na mayai yapo kiotani! Mimi nikapiga hesabu za kazini: wawili walikuwa wakipokezana, mmoja ameanguka, mzigo wote uko kwa aliyebaki. Annie akienda kuwinda, mayai yanapoa. Akikaa, njaa. Mwisho wake niliujua. Nikafunga ile kamera.

Kumbe siku ile ile dume mwingine alifika. Baadaye watazamaji wakampa jina kwa kura: Alden. Alipokewa, akayakalia mayai aliyoyakuta. Mwezi wa Mei vifaranga wawili wakaanguliwa.

Siuiti huo wema. Ndege amepata jike na kiota, maumbile yakamwongoza. Lakini usiku ule nilipowaona wale vifaranga weupe wanatikisa vichwa, sikuwaza ndege.

Baba yangu alifariki nikiwa na miaka sita. Mama akaolewa tena, nyumbani Kilifi. Huyo mume wake ndiye aliyelipa karo yangu ya shule, na alipouza mashua yake ndipo nikamaliza digrii ya kompyuta. Miaka yote hiyo nilimwita "mzee". Hakuwahi kulalamika, nami sikuwahi kujiuliza kama kulimuuma.

Nilingoja alfajiri nikijua huamka kuswali. Nikapiga simu.

"Shikamoo, baba."

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Marahaba," akasema. "Kuna nini? Umefukuzwa kazi?"

"Hapana. Nakusalimu tu."

Kimya tena, kisha nikasikia anakohoa.

"Haya," akasema, "zamu yako imekwisha. Nenda kalale, mwanangu."