Asumini za Lamu na Wadudu Wake

Ukivuka kwa mashua kutoka Mokowe hadi mji wa Lamu, msomaji mpendwa, usiishie kutazama bandari na punda. Ingia vichochoroni. Nyuma ya milango ya nakshi mna nyumba za mawe zenye kiwanda, yaani ua wa ndani usioezekwa. Hapo ndipo akina mama hupanda miasumini na mirehani katika vyungu na makopo.

Maua hayo si pambo la macho tu. Hutungwa vikuba, hutiwa nyweleni, hutandazwa kitandani mwa maharusi. Kwa hivyo ukiimwaga sumu ya dukani chunguni, umeimwaga pia juu ya nywele za binti yako, tena mahali ambapo watoto hutambaa.

Msimu wa kaskazi, joto na ukavu huleta utitiri. Majani hufanya vidoa vya manjano, na chini yake utaona utando mwembamba. Vidung'ata hufanana na vipande vya pamba kwenye maungio ya matawi, nao vidukari hujazana kwenye vichipukizi. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka, chunguza: wanafuata utomvu mtamu wa wadudu hao, na huwalinda wasiliwe.

Dawa iko jikoni. Kwanza kitenge chungu kilichoshikwa, kisha uoshe majani kwa maji ya kasi, hasa upande wa chini. Halafu koroga kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita 1 ya maji. Tumia maji ya mvua au maji baridi kama yale yatokayo kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Maji ya kisima yenye chumvi huikata sabuni. Jaribu jani moja kwanza, ungoje siku moja.

Jani likisalimika, nyunyiza jioni mpaka wadudu walowe, maana sabuni humwua mdudu inayemgusa tu. Suuza baada ya saa moja. Mayai hayafi, basi rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, mara tatu.

Vidung'ata wana nta inayowakinga. Chovya pamba katika spiriti, uwaguse mmoja mmoja, mbali na jiko. Wakizidi, twanga gramu 50 za kokwa za mwarobaini, loweka katika lita 1 ya maji usiku kucha, chuja, nyunyiza. Dawa hii ni ya polepole: humfanya mdudu aache kula na kukua. Iweke mbali na watoto, na usichume maua kabla ya kuyasuuza mmea vizuri.

Nawe uliye Nakuru au Kisumu, mwenye chungu kimoja dirishani, pindua majani leo uangalie chini yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.