Vikombe Viwili vya Kukhu

Bibi yetu mzaa baba tulimwita Kukhu, kwa desturi ya Waluhya wa kwetu. Alikuwa mwembamba wa mwili, mwepesi wa mwendo, mchache wa maneno. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa popote. Alijua tu kwamba alipoolewa Malaba, reli iendayo Kampala ilikuwa imekwisha pita, na Uhuru ulikuwa bado haujafika.

Kwa zaidi ya miaka hamsini aliuza sokoni muhogo mkavu na dagaa walioletwa kutoka Sio Port kwa njia ya Busia. Kusoma hakujua, lakini hesabu haikumshinda. Chini ya meza yake vilikaa vikombe viwili vya bati, kimoja cha shilingi za Kenya na kimoja cha shilingi za Uganda. Alipenda kutueleza kuwa hapo kwanza kikombe kilikuwa kimoja, kwani nchi zote mbili zilitumia shilingi ya Afrika Mashariki, hata mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa fedha yake. "Kikombe cha pili nilinunuzwa na serikali," alisema. Huo ndio mzaha pekee niliopata kuusikia kinywani mwake.

Mpaka wenyewe hakuupa heshima kubwa, nami sikumlaumu. Mpaka mwaka 1902 sehemu zetu zilihesabiwa ndani ya Uganda. Waingereza ndio waliousogeza mstari. Babu yake, mtu wa Bukhayo, alilala Uganda akaamka katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya, naye hakuhamisha hata figa moja la meko yake.

Ndugu yake mdogo aliolewa Tororo. Siku za utawala wa Idi Amin, kuanzia mwaka 1971 hata 1979, chumvi na sabuni zilipoadimika huko, Kukhu aliuvuka mto Malaba na mzigo kichwani, akaenda kumpelekea.

Mwaka 2020, mwezi wa Aprili, ndugu huyo alifariki. Ulikuwa wakati wa ugonjwa wa korona. Malori ya shehena yaliruhusiwa kuvuka, na madereva walipanga foleni ndefu wakingoja kupimwa, abiria hawakuruhusiwa. Mimi nilipokea habari kwa simu, nikaona heri kumficha. Nilijiambia kuwa ni mzee, kwamba hawezi kwenda, na kwamba kujua kutamuumiza bure. Siku ya nne akaisikia kwa mchuuzi mwenzake.

Hakupaza sauti. Aliniita, akanitazama kitambo, akasema, "Mjukuu wangu, mimi nilivuka zamani za Amin. Wewe umeuleta mpaka ndani ya nyumba yangu."

Sikuwa na jibu, wala leo sinalo.

Jioni ile alitoa kigoda chake uani, akakaa akilielekea jabali la Tororo, ambalo huonekana vizuri kutoka kwetu mvua ikisha, akalia. Majirani, Waluhya na Wateso, wakaja kukaa naye. Nami nilikaa nyuma yao. Hakuna aliyeniita nisogee mbele.

Alifariki mwaka 2022. Siku ya maziko watoto wa ndugu yake walivuka asubuhi, wakafika kabla ya jeneza kutolewa nyumbani. Vitu vyake vilipogawanywa, shangazi alinipa kikombe cha shilingi za Uganda. Zimo ndani sarafu chache, nami sijazitumia.