Komba wa Ohio

Mjomba wangu ni mgema, ng'ambo ya mto pale Pangani, upande wa Bweni. Siku nilipomwambia kwa simu kwamba kila Jumamosi asubuhi naenda kuosha banda la komba huku Ohio, alinyamaza, nikasikia upepo unavyopiga makuti nyuma yake, kisha akauliza swali moja tu.

"Wanakulipa shilingi ngapi?"

Nikamwambia hawanilipi. Tena mimi ndiye niliyetoa hela: fulana yenye nembo yao nimeinunua, mafuta ya gari yangu, na siku ya mafunzo niliomba ruhusa kazini bila malipo. Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, ukirudi nitakupa komba wa kwangu uwaoshe. Hiyo fulana uje nayo."

Kwa msomaji asiyekulia pwani: komba na mgema ni maadui wa zamani. Mgema akishakata ua la mnazi na kutundika kibuyu (siku hizi ni dumu la plastiki), tembo, ile pombe ya mnazi, hudondoka usiku kucha. Komba naye ni mnyama wa usiku. Anaruka toka mti hadi mti, anafika juu, anakunywa, na asubuhi anakutwa kalala chini ya mnazi kama mtu aliyetoka harusini. Ndiyo maana mlevi wa kupindukia twasema amelewa kama komba. Nimekulia humo, na mpaka naondoka nyumbani nikiwa na miaka 27 sikuwahi kumtazama komba zaidi ya sekunde mbili. Macho mawili mekundu kwenye mwanga wa tochi, na kilio chake usiku, ambacho bibi alitutishia nacho kwamba ni mtoto aliyetupwa porini. Basi.

Imebidi nivuke bahari ndipo nimjue.

Bustani yenyewe ya wanyama ni ndogo, ilikuwa shamba zamani. Ukiizunguka kwa miguu, dakika 40 umemaliza. Wafanyakazi wa mshahara hawazidi kumi. Waliobaki ni sisi wa kujitolea, na wengi wetu ni wastaafu: mwalimu wa hesabu, dereva wa treni, mama mmoja aliyekuwa karani wa mahakama ambaye ndiye anayejua nungunungu akigoma kula afanywe nini. Mimi nilipafahamu kupitia bibi mmoja niliyekuwa namhudumia kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi za usiku. Alijitolea pale miaka mingi, na hata alipoanza kusahau majina ya wanawe, jina la kobe wake hakulisahau.

Nilidhani nitapewa fagio siku ya kwanza. Wapi! Kwanza polisi wakaangalia rekodi zangu. Kisha chanjo ya pepopunda, na kipimo cha kifua kikuu, kwa sababu komba na jamaa zake huambukizwa na binadamu. Kisha saa kadhaa za mafunzo, na jambo lililorudiwa mpaka nikaliota ni milango. Kila banda lina milango miwili na ujia katikati. Unafungua wa kwanza, unaingia, unaufunga nyuma yako, unautikisa, ndipo unagusa wa pili.

Nyumba ya komba imegeuziwa saa. Mchana taa huzimwa, hubaki mwanga mwekundu hafifu, ili wageni wawakute macho. Usiku, watu wakishaondoka, taa kubwa huwashwa, nao hulala. Mimi ninayetoka kazini alfajiri na kulala mchana niliwaelewa mara moja.

Kazi yangu inaanzia jikoni. Kuna karatasi ukutani na mizani inayosoma gramu. Kiazi kitamu kilichochemshwa, papai, nyenje hai waliopakwa unga wa madini ya chokaa, na kila kitu kina kipimo chake. Papai likizidi gramu tano, unakata. Mwanzoni niliona ni ubahili wa ajabu, papai lenyewe limetoka mbali hivyo na linabaki sahanini! Mpaka nilipofunguliwa daftari la miaka ya nyuma nikaona komba waliokuwa wakipewa matunda kwa huruma ya mikono: meno yameoza, uzito umepanda, mmoja alikuwa hawezi kuruka.

Halafu kuna kuosha. Komba ana tabia ya kujikojolea viganjani na kwenye nyayo, makusudi kabisa, kisha anaruka. Kila tawi analoshika anaacha harufu yake. Kioo, kamba, sanduku la kulalia, vyote vina vidole vya mkojo. Mtu wa Pangani akipewa ndoo na sabuni atasugua kila kitu king'ae. Nilifanya hivyo wiki ya pili. Msimamizi alikuja akanusa, akanionyesha yule komba anavyohangaika toka kona hadi kona akikojoa upya kama mtu aliyeamka akakuta nyumba imepakwa rangi na fanicha zote zimehamishwa. Tangu hapo naosha nusu ya matawi wiki hii, nusu wiki ijayo.

Kosa kubwa zaidi lilikuja mwezi wa tatu. Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku, sikuutikisa mlango. Komba akapita juu ya bega langu, akatua kwenye ujia. Alhamdulillahi mlango wa nje ulikuwa umefungwa, na ndipo nikaelewa kwa nini ilijengwa miwili. Tulimrudisha kwa kipande cha papai na dakika 20 za kusimama kimya. Hakuna aliyefoka. Niliandika mwenyewe kwenye kitabu cha matukio, saa, mlango, na sababu. Nikaondolewa kwa komba mwezi mzima, nikapelekwa kwa kobe. Nyumbani, nadhani, ningegombezwa vibaya sana mbele za watu, jioni tukanywa chai tukacheka, na kesho yake ningekuwa palepale bila karatasi yoyote. Sijui kipi kinauma zaidi. Lakini ile karatasi imebaki, na kila mgeni anayeanza kazi anasomewa habari za mtu aliyekuja na usingizi.

Turudi kwenye swali la mjomba, kwa sababu halikuwa la mzaha. Neno kujitolea, kwetu, lina maana ambayo huku haipo. Kijana kamaliza chuo, anafundisha shule ya kata bila mshahara, ukimuuliza mama yake atakwambia "anajitolea". Maana yake yuko kwenye foleni. Anangoja ajira zitangazwe, anataka mkuu wa shule amjue sura, anaomba Mungu. Huku, mwalimu wa hesabu mstaafu ana pensheni, ana nyumba, na Jumamosi yake ni ya kwake aifanyie apendalo. Nyumbani hata wageni wanaokuja kujitolea kutunza wanyama wetu hulipa nauli na ada juu yake, wakati kijana wa kijiji jirani akitaka kufanya hiyohiyo kazi bure ataulizwa barua, na nyumbani kwake ataulizwa amekula nini. Kwa hiyo watu wanaposema Waafrika hawapendi wanyama ndiyo maana hawajitolei, huwa nawaomba wahesabu kwanza ni nani mwenye Jumamosi.

Kuna na suala la mnyama ni wa nani. Sheria yetu ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyama wote ni mali ya umma na wamekabidhiwa kwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Ukiifuata neno kwa neno, komba anayemlia mjomba tembo ni wa Rais. Mtaani tunasema kifupi, wanyama wa serikali. Ngedere akila mahindi, ni wa serikali, umpigie simu nani? Shuleni nilikuwa kwenye klabu ya Malihai. Tulipanda miti, tukaimba, tukachora tembo wengi sana, tembo wa mkonga safari hii. Kumkaribia mnyama hakukuwa sehemu ya mapenzi yale. Mnyama ni wa kuangaliwa akiwa mbali, na mara nyingi aliyemwangalia kwa karibu ni mtu aliyelipa dola.

Huku nilikuta kinyume chake, na si kinyume kizuri. Bustani yetu ina mondo, yule paka mrefu wa madoa ambaye kwetu ni mwizi wa kuku. Huyu alikulia sebuleni. Mtu alimnunua akiwa mtoto, akamng'oa kucha za mbele ili asiharibu makochi, na alipokua akaanza kukojolea makochi hayohayo, akaletwa kwetu. Bado anawinda. Ukimtupia kifaranga aliyekufa anaruka juu kama chemchemi, anampiga kwa miguu miwili isiyo na kucha, na kifaranga anamponyoka. Anarudia. Huwa naondoka hapo haraka.

Na hilo ni dogo. Oktoba 2011, karibu na mji wa Zanesville katika jimbo hilihili, mtu mmoja alifungua vizimba vya wanyama aliokuwa akiwafuga shambani kwake, kisha akajiua. Simba, chui milia, dubu, wakatapakaa barabarani wakati wa jioni. Polisi wa wilaya waliwapiga risasi usiku kucha. Waliouawa walikaribia 50. Nilipohadithiwa niliona kwamba ninataniwa. Kwetu mtu kuwa na simba uani ni hadithi za wachawi! Ilibidi yatokee hayo ndipo jimbo likatunga sheria ya wanyama hatari, mwaka 2012. Mstaafu wetu wa treni anasema nusu ya kazi ya kujitolea hapa ni kufagia nyuma ya watu waliopenda wanyama vibaya.

Mwaka jana niliendesha gari kama saa mbili na nusu hadi Toledo kumwona mwenzangu. Chura wa Kihansi. Ni mdogo, jike hafikishi sentimita 3, rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kahawia, na hataki mambo ya viluwiluwi: huzaa watoto waliokamilika. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, kwenye kipande cha ardhi cha hekta mbili hivi kilichokuwa kikiloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Duniani kote hakuwa na kwao kwingine. Mwaka 2000 mitambo ya umeme ilipoanza kazi, maji mengi yakaelekezwa huko na manyunyu yakakatika. Mwaka huohuo vyura 499 walisafirishwa hadi Bronx Zoo, New York, baadaye na Toledo wakapewa wa kuwalea. Korongoni wakawekewa mabomba ya kunyunyizia, lakini kuvu wa ngozi akaingia, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa korongoni kwao.

Nilisimama pale mbele ya kioo. Mashine ilikuwa ikitoa manyunyu, tss, tss, na mtoto mmoja alikuwa akigonga kioo (wanagonga huku pia, msidhani). Nikawa nahesabu miaka. Kidato cha nne nilijisomea usiku kwa umeme wa gridi ya taifa, na umeme wa Kihansi ulikuwa humo. Nisingependa kuusoma mtihani ule kwa kibatari. Na sikuweza kuondoka pale haraka.

Mwezi ule wa adhabu kwa kobe, kumbe, ndio ulionipa heshima. Tunao wawili wa Aldabra. Majira ya baridi hukaa ndani kwenye sakafu iliyotiwa joto, na mmoja hakuwa akinyoosha shingo akaguliwe. Walikuwa wakimvizia kwa majani. Mimi nilikumbuka safari ya shule kisiwani Changuu, Unguja, tukiwa kidato cha pili. Kobe wa pale walianzia kwa wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wakazaana, wakafika kama 200 kufikia 1955, kisha wakaibwa na kuuzwa mpaka mwaka 1996 wakabaki saba, ikabidi wajengewe ua. Mhudumu mmoja mzee, ndala miguuni, mchicha mkononi, alituonyesha: ukimkuna kobe taratibu pale shingo inapokutana na mguu, husimama. Nikafanya hivyo. Kobe wa Ohio akanyanyuka kwenye miguu yote minne, akatoa shingo yote nje, akatulia kama mzee anayenyolewa. Msimamizi akaenda kuchukua simu arekodi. Aliniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia kwa mzee mmoja, jina sikuliuliza. Siku hizi iko kwenye karatasi ya mafunzo, hatua ya nne, na jinsi ya kuweka vidole.

Jumamosi iliyopita nilimpigia mjomba nikitoka. Saa tatu asubuhi kwangu, kwake saa kumi alasiri, anajiandaa kupanda. Nikamwambia komba wangu kapimwa, ana gramu 770, uzito mzuri.

"Anakunywa?"

"Maji tu, mjomba."

"Maji?"

"Ndiyo. Wanambadilishia kila siku."

Akanyamaza tena. "Maskini ya Mungu," akasema, kisha akaniaga, maana jua lilikuwa linashuka na dumu bado halijatundikwa.