Kabla hujarusha picha sebuleni

Ikiwa nyumbani kwako mna televisheni iliyonunuliwa miaka michache iliyopita, na mna kipakatalishi cha kazi au cha mwanafunzi, huenda tayari mna uwezo wa kurusha picha kutoka kwa kimoja hadi kingine bila waya wowote. Vijana wetu wanalijua jambo hili. Wao hubonyeza vitufe viwili, wakangoja kidogo, na filamu iliyokuwa kwenye kioo kidogo ikatokea ukutani. Sisi wazee tunabaki kuulizana waya umepitia wapi.

Leo nataka tulizungumze jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, ni jambo jema na halina gharama kubwa kama wengi wanavyodhani. Pili, lina upande mwingine ambao muuzaji wa dukani hatakueleza, nao unahusu amani ya nyumba kuliko mitambo.

Tuanzie mbali kidogo. Televisheni iliingia nchini Kenya mwaka wa 1962. Hadi KTN ilipoanza kurusha matangazo mwaka wa 1990, nchi nzima ilikuwa na kituo kimoja tu. Kilichoonekana sebuleni kilikuwa kimechaguliwa na watu wa kituo. Kikiwa kizuri, sifa ni zao. Kikiwa kibaya, lawama ni zao. Baba alikuwa na uwezo wa kuwasha na kuzima, basi. Siku hizi televisheni imekuwa kioo cha yeyote aliye na kifaa mkononi. Kilichomo ndani ya kipakatalishi cha mwanao kinaweza kuketi mbele ya wageni wako kwa muda wa sekunde tano.

Kinafikaje huko? Ziko njia tatu ambazo utazikuta katika nyumba nyingi.

Ya kwanza huitwa Miracast, nayo ilizinduliwa mwaka wa 2012. Hapa kipakatalishi huzungumza na televisheni moja kwa moja hewani, bila kuhitaji intaneti. Kwa hivyo filamu uliyoihifadhi ndani ya kipakatalishi huitazama bila kula hata chembe ya data. Kwenye kipakatalishi cha Windows 10 au 11, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi K. Orodha ya vifaa vilivyo karibu itatokea, nawe utachagua jina la televisheni yako. Televisheni nayo sharti iwe imefunguliwa sehemu yake ya kupokea picha za vifaa vingine. Kila kampuni huipa sehemu hiyo jina lake, lakini aghalabu utaikuta pale pale unapobadilisha kutoka antena hadi HDMI. Kumbuka kwamba kwa njia hii televisheni huonyesha kila kitu kilicho kwenye kioo cha kipakatalishi, kiwe cha kuonyeshwa au kisiwe.

Njia ya pili ni ile ya Google. Kifaa chake kidogo cha kuchomeka nyuma ya televisheni, Chromecast, kilianza kuuzwa mwaka wa 2013. Google iliacha kukitengeneza mwaka wa 2024, lakini televisheni zinazotumia Google TV zina uwezo huo ndani yake. Hapa kipakatalishi na televisheni sharti viwe kwenye Wi-Fi moja, na kivinjari unachotumia kiwe chenye uwezo huo, kama vile Chrome. Tofauti kubwa ni hii: ukitazama YouTube kwa njia hii, kipakatalishi hakirushi picha yoyote. Huiambia tu televisheni iende ikaichote video hiyo yenyewe kwenye intaneti. Mengine yote yaliyo kwenye kipakatalishi hubaki huko huko.

Njia ya tatu ni AirPlay, ya wenye vipakatalishi vya Apple. Hivyo havitumii Miracast, kwa hivyo usipoteze jioni nzima ukivilazimisha. Televisheni kadhaa za kampuni nyingine zimekuwa zikipokea AirPlay tangu mwaka wa 2019.

Na kama televisheni yako haina lolote kati ya haya, usione haya kununua waya wa HDMI. Waya haukatikikatiki, wala haujui jirani ana ruta ngapi.

Sasa nikueleze ni kwa nini ninasema jambo hili linahusu amani ya nyumba.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 2024 tulifiwa na mjomba wangu huko Wundanyi, Taita. Alikuwa kaka yake Mama, wa pekee aliyekuwa amesalia. Mama alikuwa akikaa kwetu Nairobi, wiki tatu tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga, na daktari alikuwa amemkataza safari ndefu. Alilia siku mbili. Hakulilia kifo peke yake. Alilia pia kwamba kaka yake angezikwa yeye hayupo.

Jamaa zetu wa nyumbani walimkodi kijana mwenye kamera arushe mazishi moja kwa moja kupitia YouTube. Mwanangu wa kwanza, aliyekuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu, alileta kipakatalishi chake na kukiweka mezani mbele ya nyanya yake. Kilikuwa cha inchi 14. Mama ana mtoto wa jicho. Alikodoa macho, akainama hadi nyonga ikamuuma, kisha akasema, "Naona watu, lakini simwoni mtu."

Kijana akarusha picha kwenye televisheni ya inchi 43. Ukipiga hesabu, kioo hicho ni kikubwa zaidi ya mara tisa ya kile cha mezani. Mama alinyamaza. Halafu akaanza kuwataja mmoja mmoja: huyu ni fulani, yule amenyoa, yule mbona amekonda. Akina mama wa kanisa waliokuwa wamekuja kukaa naye walitaja pamoja naye, hata wale wasiomjua mtu. Nilimtazama mwanangu nikaona fahari.

Walipofika kaburini, wakati jeneza linaanza kuteremshwa, kisanduku kidogo kikachomoza kwenye pembe ya chini ya televisheni. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa rafiki yake: "Kaka, nirudishie zile elfu nane leo. Mechi iliisha zamani."

Chumba kizima kiliusoma. Hata Mama aliusoma, kwani kioo kile kile kilichomwonyesha nyuso za ndugu zake kilimkuzia na maandishi. Akauliza, "Elfu nane za nini?" Akina mama wakatazama zulia. Shemeji yangu akakohoa. Kijana, kwa aibu, akakifunga kipakatalishi, na televisheni ikawa nyeusi. Mazishi yakatoweka.

Mama ndiye aliyesema neno la kwanza. "Mrudisheni kaka yangu. Hizo elfu nane zitangoja."

Basi ilimbidi kijana akifungue tena mbele yetu sote, mikono ikimtetemeka, aunganishe upya. Kwa bahati nzuri matangazo yale yaliweza kurudishwa nyuma. Akayarudisha hadi pale jeneza lilipokuwa juu ya kaburi. Mama akamwona kaka yake akiteremka, akachukua udongo kutoka kwenye chungu cha ua kilichokuwa dirishani, akauminya kiganjani mpaka ibada ikaisha.

Jioni, wageni walipokwisha kwenda, tuliketi na kijana. Ilikuwa ni kamari ya mpira ya kwenye simu. Alianza na shilingi 50, akashinda mara mbili, kisha akaanza kupoteza na kukopa ili arudishe alichopoteza. Msomaji mwenye mtoto chuoni hahitaji kuelezwa zaidi. Nyanya yake hakumgombeza. Alimwuliza swali moja tu: "Na ungeniambia lini?" Kijana hakuwa na jibu. Deni lile alilimaliza Desemba, kwa kazi ya mikono ya likizo, na si kwa pesa zangu.

Jamaa wengine waliniambia kwamba Mungu ndiye aliyeileta arifa ile. Wakanikumbusha kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni kweli kwamba nilishukuru kujua. Lakini kuhusu namna tulivyojua, sikubaliani nao hata leo. Kijana anayeaibishwa mbele ya wageni haachi kuficha. Hujifunza kuficha vizuri zaidi. Wetu aliokolewa na nyanya yake, ambaye alilitanguliza la marehemu na kuliacha lake lingoje. Angekuwa mtu mwingine kwenye kiti kile, huenda pangetokea makelele yaliyomfukuza nyumbani. Nyumba ngapi zina nyanya kama huyo?

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ninakusihi uyafanye mambo machache kabla ya kurusha picha sebuleni.

Kwanza, ikiwa unachotaka ni video moja, irushe hiyo video peke yake kwa ile njia ya pili. Usirushe kioo kizima ilhali unahitaji dirisha moja.

Pili, ikibidi kurusha kioo kizima, zima arifa. Kwenye Windows 11, bonyeza pale penye saa na tarehe, kisha uguse alama ya kengele. Windows ina hata mpango wa kuzima arifa yenyewe kila unaponakili kioo chako kwenye kioo kingine; utafute ndani ya mipangilio ya arifa, uuwashe mara moja, usahau. Unaweza pia kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, ukachagua kupanua kioo badala ya kukinakili. Hapo televisheni huwa kama meza ya pili: unasogeza huko filamu tu, na barua zako zinabaki kwenye meza ya kwanza.

Tatu, wanaoishi kwenye fleti wakumbuke majirani. Jina la televisheni yako laweza kuonekana kwenye orodha ya jirani, na mtoto wake akarusha katuni kwenye ukuta wako usiku wa manane. Ingia kwenye mipangilio ya televisheni, uitake iombe nambari ya siri kabla ya kumkubali mgeni.

Nne, hesabu data. Tumesema kwamba Miracast yenyewe haili data, lakini video inayotoka kwenye intaneti inakula, kwa njia yoyote uitazamayo. Netflix yenyewe hueleza kwamba picha za ubora wa HD zaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa. Kwa mwenye bando dogo, sinema moja ya Jumamosi yaweza kummalizia data ya wiki.

Tano, picha ikikatikakatika, usiilaumu televisheni kwanza. Ruta iliyofichwa nyuma ya kabati, chumba cha tatu kutoka sebuleni, haiwezi kupenya kuta za mawe bila kuchoka. Isogeze. Ukiwa chumba kimoja nayo, tumia mawimbi ya 5 GHz. Ukiwa mbali, yale ya 2.4 GHz hufika zaidi ingawa kwenye fleti huwa na msongamano. Na usishangae picha ikichelewa kidogo nyuma ya kipakatalishi. Kwa sinema haidhuru. Kwa wacheza michezo ya video ni adhabu.

Mambo hayo matano ni ya mitambo. La sita si la mitambo. Wewe mwanafunzi, ukiombwa uunganishe televisheni kwa ajili ya wazee, jua kwamba umepewa kazi ya heshima. Yafunge yako kwanza. Na kama lipo jambo ambalo ungetoka jasho likichomoza pembeni mwa kioo, huenda hilo ndilo unalopaswa kumwambia mtu mmoja nyumbani wiki hii, kwa hiari yako, mlango ukiwa umefungwa. Nawe mzazi, usiitumie televisheni kama mtego wa kuwanasa wanao. Siri ikichomoza kwa bahati mbaya, mtazame mtoto kabla ya kuwatazama wageni.

Mimi ninaipenda teknolojia hii. Kwa miaka kadhaa sasa kila mtu nyumbani amekuwa na kioo chake, anacheka peke yake, analia peke yake. Kurusha picha ukutani kumeturejesha kwenye viti vinavyotazama upande mmoja. Mama alimzika kaka yake akiwa ameshikwa mkono na watu sita. Kwenye kioo cha inchi 14 angemzika peke yake.

Basi jaribuni leo jioni, mkiwa wenyewe. Mwacheni kijana aonyeshe, mzazi abonyeze. Zimeni arifa, wekeni nambari ya siri, sogezeni ruta. Siku ya wageni itakapofika, iwe ya harusi au ya msiba, msiwe mnatafuta kitufe.