Nani atampokea ndoo?
Nina mimba ya miezi saba, na hapa Itetemia kila mtu ana lake. Shangazi anasema nikilala mchana nitazaa mtoto mvivu. Nesi anasema pumzika, lalia ubavu wa kushoto, udongo acha, mlenda kula. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito asiye na matatizo afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki.

Sawa. Ila jirani yangu, mjamzito mwenzangu, kila asubuhi anajitwika ndoo ya lita 20, na hakuna anayeyaita hayo mazoezi. Zamani wanawake wa Kinyamwezi walifuatana na misafara hadi pwani, wamejitwika vyungu. Wapo waliojifungulia njiani. Kutembea tunakujua. Tunachokosa ni mtu wa kutupokea mzigo.