Skrini Tatu na Kodi ya Miezi Sita

Kuna mambo ya ndani ya nyumba ambayo wanawake wengi tumezoea kuwaachia wanaume: tairi za gari, betri ya sola, na siku hizi kompyuta za kuchezea gemu. Mimi nasema ukishatajiwa bei, jambo hilo linakuhusu.

Mume wangu ni mtu wa gemu za magari. Hanywi, hazururi, jioni yupo nyumbani, kwa hiyo sina ugomvi na gemu. Ugomvi ulikuja alipotaka kutoka skrini moja kwenda tatu, ili aone kona na vioo vya pembeni kama dereva kweli. Skrini mbili zilizotumika alishazipata kwa bei nzuri tu. Lakini fundi wa dukani akamwambia, "Kaka, skrini tatu zinataka memori mara tatu. Kadi yako ya picha ni ya gigabaiti 8, haitoshi. Chukua ya 16." Na pesa iliyokuwepo benki ilikuwa kodi ya nyumba ya miezi sita. Mwenye nyumba wetu naye si mtu wa kubembelezwa.

"Mke wangu, hii ni hesabu tu," akaniambia. Haya, kama ni hesabu, tukakaa na kalamu.

Skrini ya kawaida ina pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani kama milioni 2.07. Tatu ni milioni 6.2, na bado hazifikii skrini moja ya 4K yenye milioni 8.3. Kila pikseli inakula baiti 4, kwa hiyo picha moja ya kujaza skrini zote tatu ni megabaiti 25 hivi. Gemu hushikilia picha kadhaa za namna hiyo kwa wakati mmoja, za rangi, za mwanga, za umbali wa vitu. Hata ukizijumlisha, huwezi kuruka kutoka gigabaiti 8 hadi 24! Kinachojaza memori hasa ni sura za vitu: lami, nyasi, rangi za magari, mabango. Na lami ni ile ile, uitazame kwa skrini moja au tatu.

Kinachokaribia kuongezeka mara tatu ni kazi ya chipu, maana ndiyo inayopaka pikseli zote hizo upya kila mara.

Jumamosi tukajaribu. Gemu ile ile, mpangilio ule ule, na kompyuta yenyewe inaonyesha memori iliyotumika. Skrini moja: gigabaiti 5 na kidogo. Skrini tatu: 6 na nusu. Ila picha kwa sekunde zikaanguka kutoka 110 hadi 50. Umeona? Memori imebaki, pumzi ndiyo imekata.

Sasa, kadi yake ni RTX 4060 Ti. Mwaka 2023 Nvidia waliitoa kwa namna mbili, ya gigabaiti 8 kwa dola 399 na ya 16 kwa dola 499, chipu ile ile. Yaani tungetoa kodi ya nyumba kumnunulia mpishi yule yule kabati kubwa zaidi.

Memori ina kazi yake, jamani. Ikijaa, kadi inaanza kuazima ya kompyuta, njia ni ndefu, na gemu inakwamakwama katikati ya kona. Gemu kubwa za miaka ya karibuni, ukiweka picha juu kabisa, zinaweza kuvuka gigabaiti 8 hata kwa skrini moja. Na kama skrini zako tatu ni za 2,560 kwa 1,440, umeshafika pikseli milioni 11. Hapo kadi mpya ya chini ya 12 hata mimi ningeikataa. Ila ningeuliza chipu kwanza.

Alinuna siku mbili, nisiwadanganye. Kupigiwa hesabu na mtu aliyesomea mawasiliano kulimuuma kuliko kukosa kadi. Siku ya tatu akapunguza vivuli na mng'ao wa vioo, picha zikapanda hadi 70, na nikamsikia akipiga mluzi. Kodi tulilipa Jumatatu. Siku za mechi, skrini ya kulia ni yangu.